Wimbo Niliousingizia Unguja

Kosa langu lilikuwa neno moja tu. Niliulizwa, "Wimbo huu umeutoa wapi?" nami nikajibu, "Unguja." Sikuapa, sikushika msahafu, sikuongeza chochote. Lakini wimbo wenyewe niliutoa ndani ya redio mbovu iliyonunuliwa Bidbid, huku kwetu Omani, na mwenyewe ni Mmarekani mpiga gitaa ambaye, nadhani, Unguja hakupata kuiona hata kwenye ramani. Ni miaka thelathini na kitu sasa nakimbizana na neno lile, na mimi mtu wa kukimbia siye. Mimi mtu wa ndani. Nikitoka Ibra kwenda Sur hujitayarisha kama anayekwenda Hija, na hurudi nimechoka zaidi.

Nianze na redio. Marehemu mume wangu hakuweza kupita Bidbid bila kusimama. Pale njia inapogawanyika, moja ikenda Nizwa na moja ikija kwetu, palikuwa na duka la vitu vilivyokwishatumika, vingi vya wageni waliomaliza mikataba yao wakarejea makwao. Siku moja akaja na redio ya kaseti, kubwa kama sanduku la mtu anayehama nchi. Ndani yake mlikuwa na kaseti iliyonasa. Kijilango hakifunguki. Stesheni haikamati hata moja, ila mkwaruzo. Ukibonyeza, anaimba yuleyule; ukigeuza, yuleyule; ukiipiga kofi, yuleyule, kwa sauti kubwa zaidi.

"Umeninunulia redio au umeniletea mgeni?" nikamuuliza.

"Angalau huyu hali," akasema.

Basi nikapika na mgeni yule karibu mwaka mzima. Sauti yake haikuwa nzuri. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini kuulizwa jambo asilotaka kulijibu. Masikio yangu yalilelewa na fidla na ganuni na wapigaji kumi na tano waliovaa suti. Huyu ana gitaa na kinanda cha mdomo, basi. Nikadhani hana wenzake, maskini, au wamemkimbia. Lakini vitunguu vinachukua muda kukaanga, na mtu akikusimulia mambo yake kila siku mwishowe utamsikiliza.

Kiingereza changu ni cha sekondari ya Unguja, niliyoimaliza kabla hatujahamia huku. Kinatosha kusoma dawa na kugombana na fundi wa kiyoyozi. Nikachukua daftari na kamusi, nikawa nasimamisha redio na kuandika. Wimbo mmoja ulinishika kuliko yote. Serikali ilijenga bwawa, bonde la kina babu zake likajaa maji, nyumba ikabaki chini ya ziwa, na bibi yake mpaka anakufa alikuwa akitembea na ufunguo wa mlango ambao sasa wanaupita samaki. Nikautia Kiswahili palepale jikoni. Kiitikio changu kilikuwa hivi: "Ufunguo ninao, mlango sinao." Nikajiona mtunzi, nikaunguza mchuzi.

Siku mume wangu alipoifungua redio kwa bisibisi, kaseti ikatoka, na juu yake pana jina. Simtaji hapa, nimekwisha kumchukulia vya kutosha.

Sasa harusi. Ilikuwa Sur, upande wa Aija, ng'ambo ya hori la bahari, katika nyumba moja kongwe ya wafanyabiashara. Wanawake tumekaa tangu baada ya alasiri, halwa imeshapita mara mbili, na waimbaji waliokuwa waje kutoka Maskati hawaonekani. Ikaja habari kuwa gari lao limeharibika Bidbid. Bidbid hii ina jambo na mimi. Shangazi yangu, Mungu amsamehe, akaninyooshea kidole mbele ya kadamnasi: "Huyu huimba jikoni. Nnamsikia."

Nyimbo za taarabu nilizozijua nilizijua nusu nusu, kama kila mtu. Wimbo pekee niliokuwa nao wote, mwanzo hadi mwisho, ulikuwa ule wa bwawa. Nikaupunguza mwendo, mmoja akaukamata kwa dumbaki, wengine kwa makofi. Nilipofika kwenye ufunguo, waliokuwa wakila halwa waliweka sahani chini. Kiitikio cha tatu wakaimba wote, na wengine wanajifuta macho kwa pembe za mitandio. Sikuwa na haja ya kueleza mlango gani. Hapakuwa na mwanamke pale ambaye hakuacha mlango mahali.

Mama wa bwana harusi, mwanamke ambaye hata mapaka ya nyumba ile yalimwamkia, akanisogelea. Ndipo aliponiuliza wimbo huu nimeutoa wapi. Ningemjibu nini? "Wa Mmarekani, mama, alinasa kwenye redio"? Naye ana ndugu wanne wenye vilemba wamekaa barazani nje? Nikasema Unguja.

"Nnaujua," akasema, machozi yanamtoka. "Tangu ulipofungua kinywa nnaujua."

Kando yangu alikuwa amekaa jirani yangu. Mtamsikia sana huyu, kwa hivyo mumjue: nyumba yake na yangu zimeshirikiana ukuta, amenizidi miaka sita, alizaliwa Malindi ya mjini Unguja, na hakuna jambo la Malindi asilolijua, hata yaliyotokea hajazaliwa. Tulipokuwa tunarudi Ibra ndani ya gari, alianza kuwasimulia wenzetu kuwa mama yake alikuwa akimwimbia wimbo ule akimsuka nywele. Wimbo ulikuwa na umri wa masaa mawili.

Siwafichi, nilifurahi. Nilikaa kimya nikajiona mjanja. Kosa la pili hilo, lakini lilikuja limevaa nguo za la kwanza sikulitambua.

Wimbo ukaenda zake. Ukafika Nizwa, ukafika Maskati, ukarudi Ibra umeongezwa ubeti. Nimekaa harusini nikasahihishwa katika maneno yangu mwenyewe. "Hapo si hivyo, mwanangu," ajuza mmoja aliniambia, "hapo sisi Unguja tulikuwa tukivuta." Nikavuta. Ningefanyaje?

Wakati wote huo mimi nilikuwa namfuata mwenyewe, yule Mmarekani. Mpwa wangu alikwenda kusoma Marekani. Wenzangu walimwagiza viatu, mimi nilimwagiza kaseti. Baadaye zikaja simu hizi, nikaanza kumwona. Ndipo nikaijua kazi yake yote, nami nikiwa kwenye kiti kilekile, sebule ileile. Alianza kwa kuimba kanisani na sokoni. Kampuni kubwa ya santuri ikamchukua, ikamvisha suti inayometa, ikamtilia fidla ishirini nyuma. Kwenye picha anaonekana kama bwana harusi aliyevishwa na mashangazi wasiompenda. Santuri haikununuliwa, wakamwacha. Kampuni ndogo ikamchukua, ikafa. Akawa anaendesha gari lake mwenyewe mji hadi mji, anaimba kwenye kumbi za viti vichache, kisha anasimama nyuma ya gari anauza kaseti zake kwa mkono. Vijana waliokuja baada yake wakaimba nyimbo zake wakawa matajiri. Yeye akaendelea na gari. Miaka hamsini yeye yuko njiani, mimi miaka hamsini namwambia mume wangu na kisha wanangu, "Nendeni nyinyi, mimi nitabaki na nyumba."

Lakini alikuwa na jambo moja. Katika karatasi ya ndani ya kila kaseti, chini ya kila wimbo, aliandika ameupata kwa nani. Huu nilifundishwa na mjomba. Mahadhi haya ni ya kipofu wa sokoni, maneno yangu. Mshororo wa pili nilimsikia mwanamke akilalamika kwenye foleni ya hospitali. Sikumuuliza jina, namshukuru. Nilipoyasoma mara ya kwanza nilicheka, nikasema huyu anadhani ataulizwa kaburini. Mara ya pili sikucheka. Kaseti yangu ya Bidbid ilikuja bila karatasi, maana boksi lake lilibaki kwa mgeni aliyeiuza, lakini hicho si kisingizio. Mimi niliulizwa kwa mdomo.

Mwaka jana akatangaza kuwa haimbi tena mbele za watu. Vidole vimekataa. Nilimwona kwenye simu, amekaa kiti cha jikoni, anawashukuru mmoja mmoja wote waliomfundisha kitu. Alichukua muda mrefu, akasahau mmoja, mkewe akampigia kelele kutoka nyuma. Nikalia. Mume wangu alipostaafu sikulia. Nilimwambia asikae njiani nafagia.

Ijumaa ya wiki ileile, binti wa jirani yangu akaja kutoka Nizwa, ambako anafanya kazi ofisi ya serikali. Mtu mzima, ana watoto watatu. Anataka kuchapisha kijitabu cha nyimbo za mabibi zetu kabla hatujafa, na hilo alilisema hivyohivyo. Ananiita khala, kama Waarabu wanavyomwita dada wa mama. Tulikuwa kwenye mkeka wa mama yake, kahawa na kaimati katikati, akanionyesha kompyuta yake. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa ufunguo. Chini yake kaandika: Wimbo wa zamani wa Unguja. Mtungaji hajulikani.

"Hajulikani?" nikasema. "Anajulikana. Yu hai. Ana mke na mbwa."

Nikawaeleza yote. Redio, bisibisi, Aija. Nilidhani nitatokwa na jasho, nitaombwa nijieleze, pengine nitasamehewa. Jirani yangu alichukua kaimati nyingine.

"Mdogo wangu," akasema, "umepima sukari leo?"

"Dada, nakwambia kweli. Wa Mmarekani."

"Mamangu alikuwa akiniimbia akinisuka nywele."

"Dada, mamako, Mungu amrehemu, alifariki kabla mume wangu hajanunua ile redio."

"Si ndiyo nasema! Kwa hivyo wimbo ulikuwepo kabla ya redio yako."

Nikatoa simu. Nikauweka wimbo wenyewe, yeye na gitaa lake, sauti ya ujana. Walisikiliza mpaka mwisho. Nikamwona jirani yangu kidole kinapiga goti, pahala penyewe hasa. Nikasema sasa nimeshinda. Alipomaliza akavuta pumzi.

"Mwizi mkubwa huyu!" akasema. "Na kauharibu. Hana hata dumbaki."

Binti mtu alikuwa anacheka, lakini ni mtu wa ofisi. "Khala, hii nyimbo mimi sina shida nayo. Nipe kitu cha kuandika. Kitu kimetoka kwake mwenyewe, huyo Mmarekani. Nikisharudi kwa mchapaji baada ya Idi sibadilishi tena."

Nikarudi nyumbani nimevimba. Mtu kaimba miaka hamsini hajamwibia mtu hata mshororo, vidole vimemkatalia, na huku kwetu anaitwa mwizi kwa wimbo wa bibi yake mwenyewe, na sababu ni mimi. Nilitaka jambo moja tu: jina lake liingie kwenye kijitabu kile. Nikakaa na kamusi siku mbili nikamwandikia barua kwa njia ya simu, pale anapopokea salamu za wapenzi wake. Niliandika kuwa mimi ni mwanamke wa Ibra, ni mzima, natumai naye ni mzima. Kwamba watu wa hapa wanaimba wimbo wake kwa Kiswahili. Tafadhali aseme wazi kuwa ni wake.

Mliona nilivyoandika? "Watu wa hapa." Hata kwake yeye sikuwa na ushujaa wa kusema ni nani.

Wiki tatu. Kila alasiri sauti ilikuwa ikipanda juu ya ukuta: "Mwizi wako kajibu?"

"Bado, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Anatafuta la kusema."

Kisha akajibu. Barua fupi, imeandikwa na mkewe maana yeye vidole vinamuuma, lakini maneno yake. Niliisoma mara nne peke yangu, kisha nikakaa nayo siku nzima nikifikiri kama naweza kudai haikufika. Mwishowe nikavaa shela nikaenda upande wa pili wa ukuta. Binti yuko, Ijumaa ile, kompyuta iko wazi. Nikawasomea kwa Kiswahili, pole pole.

Alisema amefurahi sana, na mkewe amefungua ramani kutafuta Ibra. Alisema maneno ni yake, aliyatunga bibi yake alipokufa, bonde lao limekwisha kujazwa maji, na ufunguo bado uko kwenye kabati. Lakini mahadhi si yake, na kwenye karatasi ya kaseti ile aliandika hivyo. Mahadhi alifundishwa na mpishi wa shule aliyosoma, na mpishi aliyapata kwa mumewe aliyekuwa baharia, na baharia aliyapata bandarini. Bandari ipi, mpishi hakujua.

Nilipofika kwenye baharia tayari nilikuwa nimekwisha, najua, lakini barua huwezi kuiruka katikati.

Jirani yangu akaweka kikombe chini. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Baharia," akasema.

"Dada, dunia ina bandari elfu."

"Meli zilikuwa zikitia nanga wapi? Mbele ya nyumba yetu. Mamangu dirishani ananisuka, anaimba. Watu wanapita chini." Akamgeukia bintiye. "Mwandikie huyo mzee hana makosa. Nilimwita mwizi, namwomba radhi. Mtu muungwana, kasema alikoupata."

"Na mwisho wa barua?" binti akauliza, maana aliniona nimeikunja kabla haijaisha.

Mwisho wa barua mzee aliuliza jambo dogo. Ni nani aliyeutia Kiswahili? Anaomba jina, aliandike, kwa sababu karatasi bila jina humnyima raha.

"Ni mimi," nikasema.

Wakanitazama wote wawili.

"Weye?" jirani akasema. "Weye uliyeniandikia chumvi badala ya shabu ya kusafishia maji kwenye karatasi ya dukani?"

"Nilikuwa na daftari. Niliandika jikoni."

"Daftari liko wapi?"

Daftari lililiwa na mchwa mwaka tuliojenga banda la nyuma. Nilipolisema hilo nilijisikia mwenyewe, na hata mimi nisingeamini. Miaka thelathini nilipodanganya niliaminiwa kwa machozi. Siku niliyosema kweli hata kaimati haikusita njiani kwenda mdomoni. Binti akaandika kitu kwenye kompyuta yake, hakunionyesha, akasema, "Usijali, khala. Jina lake litakuwepo. Nakuahidi."

Nikamjibu mzee siku ileile. Nilimshukuru, nikamweleza mambo ya hewa ya Ibra, joto, tende, afya ya mkewe. Swali lake sikulijibu. Nilidhani alichoandika binti ni jina langu, nikataka kwanza niwe na karatasi mkononi yenye jina hilo, nimpigie picha nimpelekee, aone na kwetu tunaandika. Nilishaanza kuchagua niandikwe kwa majina yote matatu au mawili.

Vijitabu vikaja wiki chache baada ya Idi, vimefungwa kwa kamba, vinanuka wino. Jirani yangu aliniita kwa kugonga ukuta. Nilikwenda haraka, kwa mtu wa aina yangu. Kiatu kimoja nilikiacha mlangoni. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Jina la mzee liko, herufi kwa herufi, halikukosewa. Maneno ya asili ni yake. Mahadhi kafundishwa na mpishi, aliyefundishwa na mumewe baharia. Hata kabla sijampelekea picha, mahali pamoja duniani, kwenye mkeka wa Ibra, amelipwa heshima yake kwa namna anavyoipenda yeye.

Kisha nikasoma mstari wa chini. Maneno ya Kiswahili: kutoka Unguja.

Nikageuza ukurasa, nikaurudisha. Nikatazama jalada la nyuma, nikatazama hata pale panapoandikwa mchapaji. Binti mtu akajishughulisha na kukata kamba za furushi la pili.

"Na mimi?" nikauliza. "Mimi niko wapi humu?"

Jirani yangu alikuwa anamimina kahawa. Hakuinua hata uso.

"Weye uliulizwa Aija, mbele ya watu wote, ukajibu Unguja. Unguja si hiyo, wameiandika? Kunywa kahawa yako."